Lubumbashi hadi Kolwezi: mwendo wa 80, wa 100 au wa 120?

Wale waliosafiri kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), kabla ya lami mpya wanakumbuka kwamba wakati ule swali la mwendo halikuwapo, kwa sababu mashimo na vumbi ndivyo vilivyoamua kila gari liende vipi. Leo barabara hiyo, inayounganisha makao makuu ya Haut-Katanga na ya Lualaba, majimbo yaliyozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, ina sehemu ndefu zilizonyooka ambamo dereva huenda dakika kadhaa bila kuona kitu kingine isipokuwa lami, miti ya miombo na vichuguu. Uamuzi umerudi mikononi mwa anayeshika usukani, na kwa kilomita zinazokaribia 300 anapaswa kuamua mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya kuwa moja: aende kwa mwendo gani, na afanye nini ili asisinzie njiani. Nitayalinganisha kwa jinsi ninavyoyajua baada ya kuipita njia hii mara nyingi, na sitaficha kwamba nina upande wangu.

Muda unaookolewa

Hesabu ya karatasini ni nyepesi. Kilomita 300 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni saa tatu na dakika 45, kwa mwendo wa 100 ni saa tatu kamili, na kwa mwendo wa 120 ni saa mbili na nusu. Anayezitazama namba hizi peke yake ataona kwamba mwendo wa 120 unampa saa moja na robo, na huo si muda wa kudharauliwa na mtu anayewahi kazi au mazishi. Lakini hakuna aliyewahi kushika 120 tangu mwanzo hadi mwisho wa safari hii, kwa kuwa kuna peaji, yaani vituo vya kulipia barabara, kuna matuta ya vijijini, kuna kuingia na kutoka Likasi, kuna Fungurume na msongamano wake, na kuna misafara ya kamioni za shaba na za asidi ambazo humlazimisha kila mtu kupunguza. Vizuizi hivi humsimamisha mwenye haraka na mwenye subira kwa kiasi kilekile, na kila kimoja kinapunguza faida ya yule aliyekimbia.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu tulipokwenda matangani Kolwezi kwa magari mawili. Shemeji yangu aliendesha la kwanza, nami la pili, tukaondoka Lubumbashi pamoja saa kumi na mbili asubuhi, yeye akishika 120 kila njia ilipomruhusu, mimi nikibaki kati ya 80 na 90. Alitupotea mara tu tulipoyaacha makazi ya mwisho ya mji, nikamkuta tena kwenye peaji, magari matatu mbele yangu, mkono wake ukiwa nje ya dirisha na noti zimekunjwa kati ya vidole. Alitupotea tena, nikamkuta Likasi akiongeza mafuta. Hilo nalo lina sababu yake, kwa kuwa upepo unaolizuia gari hauongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, na gari linalotoka 80 kwenda 120 linapambana na upepo wenye nguvu mara mbili na robo. Mwishoni alikuwa ametutangulia kwa dakika 35. Dakika hizo ndizo ninazoziweka kwenye mizani, wala si saa moja na robo ya karatasini.

Umbali wa kusimama

Upande wa pili wa mizani ni mzito zaidi. Kwenye mwendo wa 80 gari linapita mita 22 kila sekunde, na kwenye 120 linapita mita 33. Dereva aliye macho huhitaji sekunde moja na nusu hivi ili aone hatari, aielewe na kuuhamisha mguu hadi kwenye freni, kisha freni zenyewe zinahitaji umbali wake. Ukijumlisha yote mawili, gari dogo lenye pine (matairi) nzuri kwenye lami kavu litasimama baada ya mita 70 hivi likiwa kwenye 80, karibu mita 100 likiwa kwenye 100, na karibu mita 130 likiwa kwenye 120. Mvua ikiwa imenyesha, hasa zile za kwanza zinazokuta lami imefunikwa na vumbi na mafuta ya miezi yote ya kiangazi, sehemu ya freni inaweza kuwa karibu mara mbili.

Namba hizi zilikuwa kwangu somo la kukariri hadi siku ileile ya matanga. Tulikuwa tumeipita Likasi kwa muda mrefu, njia imenyooka, hakuna gari mbele wala nyuma, watoto wamelala. Niliona kitu cha kijani katikati ya lami, nikadhani ni majani yaliyoanguka kutoka kwenye mzigo wa mtu wa makala, yaani muuza mkaa, kisha nikaona kitu cha pili na cha tatu, vimepangwa kwa mstari. Yalikuwa matawi mabichi, na kila mtu wa kwetu anajua maana yake: mbele kuna gari lililoharibika. Baada ya tawi la mwisho, mahali ambapo njia inashuka kidogo na kuficha kilicho mbele, kulikuwa na kamioni iliyosheheni mabamba ya shaba, imesimama ndani ya upande wetu, gurudumu moja limetolewa, na kijana mmoja amelala kivulini chini yake. Nilisimama bila shida, nikangoja lori lililotokea upande wa pili lipite, nikaendelea. Lakini kwenye lami, kuanzia karibu na matawi hadi hatua chache tu kutoka kwenye nyuma ya kamioni ile, kulikuwa na mistari miwili myeusi ya pine zilizokwaruzwa na freni. Kule Kolwezi shemeji aliniambia bila kuulizwa kwamba ile mistari ilikuwa yake.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali za kuua kwa asilimia 4. Ukitaka kulielewa jambo hilo bila hesabu, kumbuka kwamba nguvu ya kugonga nayo hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo gari lililo kwenye 120 hubeba nguvu mara mbili na robo ya lile lililo kwenye 80, na miili yetu ni ileile katika magari yote mawili.

Kuna pia jambo la macho. Mtu aliyekaa kwenye 120 kwa muda wa saa nzima huzoea hali hiyo kiasi kwamba, anapopunguza hadi 70 mbele ya kijiji, hujiona kana kwamba anatembea kwa miguu, naye huingia katikati ya watoto, mbuzi na baiskeli za makala akidhani amepunguza vya kutosha. Hapo hisia zinadanganya, na ni mshale wa mwendo pekee unaosema kweli. Aliyekuwa kwenye 80 hana kazi kubwa ya kurekebisha, na hii ni sababu mojawapo inayonifanya niupende mwendo huo kwenye njia inayopita vijijini bila uzio.

Pale ambapo haraka inashinda

Haki inanitaka niseme kwamba kuna wakati mmoja ambapo mwendo mkubwa ni salama kuliko mdogo, nao ni wakati wa kuipita kamioni, au kuidubla kama tunavyosema mjini kwetu. Chukua kamioni yenye urefu wa mita 18 inayokwenda 60. Ukiipita kwa 80, utakaa upande wa wenzako kwa sekunde 11 hivi, na kama kuna gari linalokuja kwa 120, mnahitaji zaidi ya mita 600 za njia iliyo wazi kati yenu. Ukiipita kwa 100, unamaliza kwa muda wa nusu yake na mita 350 zinatosha. Kwa hiyo dereva wa 80 asiwe mtu wa 80 hata pale inapomlazimu kukanyaga mafuta, bali asubiri hadi aone mbali, apite haraka, kisha arudi kwenye mwendo wake.

Sharti la kuona mbali linawagusa zaidi wale wenye magari ya usukani wa kuume, ambayo ni mengi sana Lubumbashi ingawa sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara, tofauti na jirani zetu wa Zambia. Dereva wa gari la namna hiyo hukaa kwenye ukingo wa njia, na kamioni inamfunika kabisa, hata hulazimika kulitoa gari karibu lote ndani ya upande wa wengine kabla hajaona chochote. Wengi humtegemea abiria wa kushoto awaambie kama njia ni nyeupe. Mimi sikubali maisha ya watu yategemee neno "pita" la mtu ambaye huenda hajawahi kushika usukani. Kwa gari kama hilo nashauri kubaki nyuma zaidi ya kamioni, mita 50 au zaidi, ambapo hata jicho la kuume linaweza kuona upande wa kushoto kabla gari halijatoka.

Je, mwendo mkubwa unafukuza usingizi?

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote, na shemeji aliisema kwa moyo wote: mwendo wa 80 unamlaza dereva, wa 120 unamwamsha. Si uongo mtupu. Anayeanza kukimbia huhisi moyo ukimwenda mbio, naye hukaza mikono na kutazama mbele. Lakini msisimko huo hudumu kwa muda mfupi, kisha mwili unauzoea, na njia iliyonyooka inaanza kufanya kazi yake juu ya mwenye 120 kama inavyofanya juu ya mwenye 80: mistari ileile, sauti ileile ya pine, jua lilelile. Dereva anafika hali ya kulala macho wazi, ambapo mikono inashika usukani sawasawa lakini baadaye hakumbuki kilomita 20 zilizopita. Kinachofuata ni usingizi wa kufumba na kufumbua, wa sekunde mbili, tatu au nne, ambao mwenyewe mara nyingi hajui kwamba ameupata. Katika sekunde tatu za namna hiyo gari la 80 linapita mita 67 bila dereva, na gari la 120 linapita mita 100. Mwendo mkubwa haukuondoa usingizi, bali umeongeza umbali ambao gari linakwenda peke yake.

Tena, usingizi hautokani na mwendo. Unatokana na saa ambazo mtu hajalala. Watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu, kiwango ambacho Ufaransa kinakatazwa kwa dereva. Sasa mtazame mfanyakazi wa mgodi wa Kolwezi anayerudi kwake Lubumbashi mwisho wa juma: ameamka saa kumi na moja asubuhi, amefanya kazi mchana kutwa, ameshika njia saa kumi na mbili jioni, na atafika saa nne usiku. Saa 17 zinatimia akiwa kwenye kilomita za mwisho, gizani. Kama angekuwa amekunywa, mke wake angemnyang'anya ufunguo, lakini kwa kuwa amechoka tu, anamwambia aje haraka. Ninawaomba wake, waume na wakubwa wa kazi walitazame jambo hili upya, kwa sababu mtu huyo angefika vilevile kesho saa nne asubuhi, akiwa amelala.

Kahawa, dirisha, au kulala kidogo

Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio naviweka pamoja na kuviacha haraka, kwa kuwa faida yake ni ya dakika chache na hubakiza usingizi uleule ndani ya kichwa. Mwenzi wa safari anayezungumza ni bora kuliko redio, ikiwa tu naye amelala vizuri, kwani abiria anayekoroma humvuta dereva.

Kahawa na usingizi mfupi ndivyo vinavyostahili kulinganishwa. Kahawa ni ya kweli lakini inachelewa, kwani huhitaji nusu saa hivi kabla haijafanya kazi yote, na anayeinywa akiwa tayari anasinzia huendelea kusinzia katika nusu saa hiyo akiwa barabarani. Kulala dakika 15 hadi 20 kunasaidia zaidi, mradi usivuke hapo, kwa maana anayelala dakika 40 huamka na kichwa kizito. Lililo bora kuliko yote mawili ni kuyaunganisha: kunywa kikombe kwanza, kulaza kiti, kuweka simu ikuamshe baada ya dakika 20, na kuamka wakati kahawa inaanza kufanya kazi. Pahali pa kufanya hivyo ni muhimu sawa na tendo lenyewe. Ukingo wa lami haufai, kwa kuwa huko unageuka kuwa ile kamioni ya matawi. Kituo cha mafuta cha Likasi au cha Fungurume kinafaa, milango ikiwa imefungwa.

Chakula nacho kina neno lake. Anayeshuka Likasi saa saba mchana na kumaliza bukari (ugali) kubwa na makayabu (samaki wa chumvi), kisha kurudi mara moja kwenye usukani, anajiletea usingizi mahali ambapo ulikuwa unakuja wenyewe. Ale nusu, nusu nyingine aifunge.

Saa ya kuondoka

Mwili wa binadamu una vipindi viwili vya kulegea kila siku, iwe amelala au la: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tena, kwa nguvu ndogo zaidi, kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Anayeondoka saa tisa usiku ili akute njia tupu anachagua utupu wa barabara na kupoteza wepesi wa akili, tena gizani, ambapo taa za chini humulika mita 50 hivi. Gari linaloweza kusimama ndani ya mita hizo ni lile lililo kwenye 60, wala si 80. Taa kubwa husogeza mpaka huo mbele, lakini kila gari linalokuja hukulazimisha kuzishusha, na hapo ndipo baiskeli isiyo na taa huwa imejificha. Kwa sababu hii, usiku siulinganishi na mchana kama chaguo mbili zilizo sawa. Asiye na dharura ya mgonjwa aungoje mwanga.

Kwa mchana mkavu, kwa gari dogo lenye usukani wa kushoto na pine nzuri, na kwa dereva aliyelala saa saba, sioni kosa kushika 100 kwenye sehemu tupu zilizonyooka kati ya Likasi na Fungurume, na kushuka hadi 80 au chini yake mahali pengine. Kwa gari la usukani wa kuume, kwa gari lililojaa watu na mizigo, na kwa kila mtu wakati wa mvua, 80 iwe dari wala isiwe sakafu, na mvua ikizidi 60 inatosha. Mwendo wa 120 sijaupatia nafasi yake kwenye njia hii, na nimejaribu kuutafutia. Kusimama mara mbili, dakika 15 kila mara, nakuhesabu ndani ya safari tangu mwanzo, ili pasiwe na kishawishi cha kukulipa kwa kukimbia.

Jambo la jua watu hulisahau. Kolwezi iko magharibi ya Lubumbashi, kaskazini kidogo, kwa hiyo anayeondoka Lubumbashi alfajiri analiacha jua mgongoni na kuiona njia vizuri hadi afike. Anayerudi kutoka Kolwezi asubuhi mapema analipokea usoni kwa saa mbili nzima, na kama ni Agosti au Septemba, wakati nyasi zinachomwa na moshi umetanda, haoni hata gari lililo karibu. Akiondoka saa nane alasiri jua liko nyuma yake, lakini mwili wake unalegea, na giza litamkuta kabla hajafika. Kati ya mabaya hayo mawili nilichagua saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda juu na njia ikiwa nyeupe, jambo linalomfikisha mtu Lubumbashi saa nane au saa tisa. Tuliporudi kutoka matangani, tuliondoka saa hiyo. Shemeji, ambaye alikuwa amekesha siku mbili msibani, alinikabidhi mke wake na watoto wake, akalala kiti cha nyuma, na gari lake likaendeshwa na mpwa wetu aliyekuwa amelala usiku kucha, nyuma yetu, kwenye 80, hadi Likasi, ambapo tulisimama wote na kunywa maji.